Chuma Namba Mbili na Mama Mkwe

Chuma namba mbili kilinifikia kwa hasira, na hasira yenyewe haikuwa yangu. Bwana mkubwa wa ofisi yetu, Mwingereza mfupi mwenye shingo nyekundu, alikuwa ametoka kwenye uwanja wa gofu wa Wazungu Jumamosi moja mchana, nami nilikuwa nimetumwa kumpelekea funguo alizosahau mezani. Nikamkuta kando ya gari lake akitukana kwa Kiingereza ambacho misheni hawakutufundisha. Aliponiona akachomoa fimbo moja kutoka kwenye mfuko wake, ndefu, yenye kichwa chembamba cha chuma, akanitupia miguuni.

"Wewe chukua hii," akasema. "Peleka nyumbani. Chunga mbuzi."

Sikuwa na mbuzi. Nilikuwa karani, mtu wa bara niliyesomeshwa na mapadri, na kitu pekee nilichokuwa nikichunga mjini ni mafaili. Lakini zawadi ya mkubwa hairudishwi, hata ikitupwa. Nikaifunga kwenye bomba la baiskeli, nikaondoka nayo hadi Kinondoni.

Baadaye nilielewa kwa nini ilitupwa. Fimbo za chuma za gofu zina namba, na kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo mpini unavyorefuka na uso wa chuma unavyosimama wima. Kwa namba tisa hata mtoto ataurusha mpira. Namba mbili ni ya kuupeleka mbali kabisa, lakini sharti kwanza uupate sawasawa, na watu wengi hufa hawajaupata. Bwana mkubwa alikuwa ameijaribu tangu kwao Ulaya. Iliwahi kumharibia mchezo mbele ya jaji.

Wakati ule mji ulikuwa na joto la siasa. Vijana wa rika langu walikuwa wakijazana kwenye mikutano ya hadhara kudai nchi yao. Mimi pia niliitaka nchi, ila kwanza niliitaka namba mbili. Hoja yangu ilikuwa hivi: ikiwa Mzungu mwenye cheo, dereva na kofia ya jua ameshindwa na chuma hiki, na mtu wa kupanga Kinondoni akakiweza, serikali ya Mwingereza itabaki na hoja gani tena? Nilikuwa nimesoma hadi darasa la kumi, kwa hiyo hoja mbovu hazikunitisha.

Kinondoni ya siku hizo ilikuwa bado haijajua kama ni mji au shamba. Nyumba za udongo na makuti zilisimama mbalimbali kati ya mikorosho na mihogo, na baina ya nyumba yetu na njia ya kwenda Magomeni palikuwa na kiwanja kipana ambacho ng'ombe wa watu walikuwa wamekikata majani vizuri kuliko mashine yoyote. Mipira niliipata kwa watu waliokuwa wakiokota ile iliyopotelea vichakani kandokando ya uwanja wa Wazungu. Ilikuwa imechubuka, mingine ina majeraha kabisa, lakini na mimi sikuwa mchezaji wa kuchagua mipira.

Mpira wa kwanza niliukosa. Wa pili niligonga ardhi nyuma yake, meno yakagongana. Uliofuata ulikwenda kweli, lakini ulikwenda chinichini kwa mwendo wa panya hadi kwenye mihogo ya jirani, na nilipoufuata nikakutana na jirani mwenyewe ameshika jembe. Nikamweleza kuwa ni mchezo. Akanitazama, akatazama chuma, akasema kwao mchezo una watu wawili.

Mwenye nyumba wetu alikuwa mama wa Kizaramo, mjane, mwenyeji wa Pwani tangu babu zake, mwenye ulimi wa kufulia nazi. Watu wa kwetu na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara ya pembe za ndovu, kwa hiyo alikuwa na ruhusa ya kuniambia lolote, nami sikuwa na ruhusa ya kukasirika.

"Mtani," alinipokea siku hiyo mlangoni, "weye nchi nzima imekushinda, umeona ukaipige ardhi?"

"Najifunza, mama."

"Jifunze. Mie nilidhani mmeletwa mjini na treni kumbe mmeletwa na kichaa."

Kosa langu lilikuwa la kila mtu anayeshika fimbo ile. Ukiutazama uso wake, umesimama wima kama ubao wa mlango. Huamini hata kidogo kuwa kitu hicho kinaweza kuinua mpira. Kwa hiyo unakionea huruma, unataka kukisaidia. Unarudisha uzito nyuma, unakunja viwiko, unachota kama anayechota maji mtungini kwa kata. Hapo ndipo mpira unapokataa kuruka. Nilichota kiwanja kile hadi kikawa na mashimo, na ng'ombe wakaanza kukipita kwa tahadhari.

Mwisho nikameza kiburi, nikamuuliza bwana mkubwa. Ilikuwa asubuhi, ofisini, amefurahi kwa sababu alikuwa amepata barua ya likizo. Alisahau kwamba mimi ni karani, akasimama katikati ya chumba na rula mkononi akanionyesha. Mpira uwe mbele kidogo, karibu na mguu wa kushoto. Usiusaidie, chuma kina mteremko wake, kiachie kazi yake. Usipige kwa nguvu, fagia, kama mtu anayefyeka majani akiwa hana haraka. Na zaidi ya yote, kichwa. Kichwa chini! Ukiinua kichwa kuutazama mpira kabla hujaupiga, umeshaupoteza.

Ulikuwa ushauri sahihi kabisa, kama ushauri wa mlevi juu ya pombe. Jumamosi iliyofuata yeye mwenyewe alirudi na shingo imeiva tena.

Mimi niliufuata. Nilisogeza mpira mbele, nikapunguza nguvu, nikafyeka. Baada ya miezi kadhaa mpira ulianza kuinuka kutoka ardhini kwa kimo cha kiuno, ukaenda upande wowote uliopenda wenyewe. Nilichoshindwa ni kichwa. Kila mara, mkono ukianza tu kushuka, shingo yangu ilinyanyuka kwenda kutazama, na mpira ukijua unatazamwa ulikatika kushoto. Nilijifunga kitambaa. Niliuma ukosi wa shati. Hakuna kilichosaidia, nilikuwa mtu wa kutaka kuona.

Mke wangu nilimwoa kwetu, nikamleta mjini. Alikuwa na maneno machache na uso mtulivu, uso ambao hata hodi ya polisi isingeubabaisha. Nilimpenda sana. Nasema hivyo sasa kwa sababu wakati ule sikumwambia. Hatukuwa watu wa kuambiana. Mtoto tulikuwa hatujajaliwa, na jambo hilo nalo hatukulisema, ingawa mwenye nyumba alilisema kwa niaba yetu: "Nguvu zote unazimalizia kwenye vijiwe, mtani. Nyumbani unaleta nini?" Kuhusu gofu mke wangu hakutoa neno, baya wala zuri. Nilikuwa nikirudi viganja vimechubuka, ananiletea maji ya moto na chumvi, ananitazama, anakwenda zake jikoni. Nikachukulia kwamba anaheshimu jitihada zangu.

Aliyeharibu mambo ni mjomba wake, fundi cherehani wa Magomeni, mtu wa kanisa na wa kauli nzito. Alipita kwenye ile njia jioni moja akanikuta nimepiga magoti majanini natafuta mpira, nikizungumza na chuma kwa sauti. Akanisalimu kwa mbali, hakusogea. Wiki hiyohiyo kulikuwa na mtu wa kwetu anayesafiri, na mjomba akamtuma maneno: mkwe wenu ameharibikiwa na mji. Anapiga vijiwe vyeupe kwa chuma porini. Anavitafuta akitambaa. Akivipata, anavipiga tena.

Ubaya wa habari ile ni kwamba kila neno lilikuwa kweli.

Wazee wa kule wakakaa, wakaamua. Mama mkwe akapandishwa treni.

Nieleze kidogo, kwa maana vijana wa leo wanakula na mama wakwe zao meza moja na kupeana mkono. Kwetu mama mkwe na mkwe wa kiume hawatazamani. Hamlali nyumba moja, hamli chungu kimoja, hamtajani majina. Mkikutana njiani, mwanamke anakohoa kwa mbali ili ujue, nawe unaacha njia na kuinamisha uso hadi apite, naye anajifunika. Huo si uadui. Ni heshima ya juu kupita zote. Haya hiyo hulegezwa baadaye, mkishapata mtoto na wewe ukapeleka mbuzi na khanga, naye akaridhika. Kabla ya hapo unamjua mama mkwe kwa kikohozi chake.

Kwa hiyo alifikia kwa kaka yake Magomeni. Kila siku nikishakwenda kazini alivuka kiwanja na kuja kushinda na binti yake, na kabla sijarudi alikwisha ondoka. Nikawa naishi na mgeni nisiyemwona. Nilikuta mkeka umehamishwa. Nilikuta mboga ina karanga za kwetu. Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema. Mimi nilikula mboga ile kama mfungwa anayesubiri hukumu.

Mke wangu aliniambia siku ya kwanza, bila kuzunguka. "Mama hajaja kutembea. Wametuma aangalie. Akiona hapafai, ananichukua."

"Na wewe?"

"Mimi ni mtoto wao," akasema, akaendelea kuchambua mchele.

Usingizi uliniruka. Nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba aliyekuwa akipimwa katika maisha yangu ni Mwingereza. Sasa nikajua kuna mwanamke mmoja huko Magomeni, mwenye neno moja tu la kusema, na neno hilo likiwa "twende" mimi nitabaki na chumba, baiskeli na chuma. Niliogopa kweli. Sikuwahi kumwogopa bwana mkubwa namna ile.

Chuma nikakificha juu ya dari, chini ya makuti. Mwenye nyumba akaniona nimesimama juu ya kigoda.

"Unamficha nani, mtani? Mkweo kaletwa kuangalia kichaa. Mwache amwone, asije akaambiwa kasafiri bure."

"Mama, nakuomba. Usimwambie kitu."

"Mie? Nimekwisha mwambia yote, na mengine nimeongeza."

Sikugusa gofu kwa muda ambao mimi niliuona kama Kwaresima mbili zilizoungwa. Niliporudi nyumbani nilikaa barazani na kitabu cha sala, nikitumaini mtu atapita na kupeleka habari Magomeni. Lakini mikono ilikuwa na mawazo yake. Nilijikuta ofisini nikifyeka kwa mwavuli.

Ikaja Jumamosi. Ofisi zilifungwa adhuhuri, nikarudi taratibu ili nimpe mgeni nafasi ya kuondoka. Nilipofika karibu, mwenye nyumba alikuwa mlangoni akitwanga, akanipungia mkono kwamba njia ni nyeupe. Angalau ndivyo nilivyomwelewa. Ndani hakukuwa na mtu. Nikadhani mke wangu amemsindikiza mama yake, na kwamba sasa hivi wako Magomeni wanaongea habari zangu. Sikio la kufa halisikii dawa. Nikapanda kigoda, nikakitoa chuma, nikachukua mpira mmoja, mmoja tu, nikaenda kiwanjani.

Kumbe walikuwa uani nyuma ya nyumba, mke wangu akimsuka mama yake, na walikuwa wanamalizia msuko wa mwisho.

Nikauweka mpira mbele kidogo, karibu na mguu wa kushoto. Nikajipanga. Nikainua chuma taratibu, nikakipeleka nyuma mpaka mwisho wake. Na hapo chuma kikiwa juu, nikasikia kikohozi.

Kilitoka mbele yangu upande wa kulia, pale njia inapopinda kuzunguka kiwanja. Nilikuwa sijawahi kukisikia, lakini nilikijua kama mtu anavyojua jina lake. Nisingeweza kugeuka kulia, ndiko alikokuwa. Kushoto njia ilikuwa inazunguka kumleta. Kukimbia na chuma mkononi kungekuwa kuthibitisha mashtaka yote. Kukitupa, vilevile. Duniani kote palibaki mahali pamoja tu ambapo macho yangu yangeweza kutua kwa adabu, napo ni pale chini, kwenye mpira. Nikautazama mpira. Sijawahi kutazama kitu namna ile tangu nizaliwe.

Mikono ilikuwa imeshaanza safari. Lakini nani anafanya jambo kwa fujo mbele ya mkwe wake? Ikashuka polepole, kwa heshima, ikafagia.

Sikuhisi kitu. Watu waliowahi kuupata mpira kwa namba mbili wataelewa. Wengine waniamini tu. Mkono hauambiwi lolote. Kulikuwa na mlio mdogo, mkavu, mlio wa nazi inayopasuka vizuri, na kisha pale palipokuwa na mpira pakawa na majani yamelala upande mmoja. Nami nikaendelea kuyatazama. Mwili wangu wote uliniomba niinue kichwa. Shingo ilitetemeka. Mpira wangu wa kwanza wa haki ulikuwa huko juu mahali fulani, unakwenda, na mimi nilikuwa nimeinama kama bi arusi.

Halafu nikasikia sauti ya mwanamke: "Aa!" Fupi.

Nikajua nimempiga. Nilisubiri kishindo cha mtu kuanguka, hakikuja. Zikaja nyayo, zikapita mbali, zikaenda zake Magomeni. Sikuinua uso mpaka nilipokuwa sisikii kitu tena. Mbele yangu palikuwa na kiwanja, mikorosho, na anga tupu. Niliutafuta mpira ule mpaka jua likashuka, nikitafuta kwanza mahali ilipozoea kuangukia mipira yangu, kisha mbele zaidi, kisha mbele zaidi ya hapo ambako nilijiona mwenye majivuno. Sikuuona.

Nyumbani nilimkuta mke wangu ameteremsha kikapu chake kikubwa, anakunja khanga na kuzipanga ndani. Sikuuliza. Nilikaa kitandani nikamtazama akikunja, moja baada ya nyingine, na sikupata ujasiri wa kumwambia hata neno moja kati ya yale niliyokuwa nayo. Alipomaliza akakibeba kikapu akakiweka juu ya kabati. Zilikuwa nguo zilizofuliwa tu, zilizokauka.

Kesho yake baada ya ibada mjomba alikuja, amevaa koti. Nikajua koti lile lina ujumbe.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba." Akakaa. Akanywa chai. Akauliza habari za kazi, za afya, za mvua, za kazi tena. Mwenye nyumba alikuwa amekuja ukumbini na ungo mtupu akijifanya anapepeta.

"Dada yangu," mjomba akaanza, "alitumwa na wazee kuja kutazama hali ya mtoto. Ametazama. Na jana amekuona kwa macho yake."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Anasema hivi. Alipita, wewe ulikuwa na shughuli zako. Alipokohoa, uliinamisha kichwa. Kitu chako kikaenda mbali, na wewe hukukitazama. Akapita, akafika mbali, kichwa chako bado kiko chini. Anasema ameona wakwe wengi, na wengine wanachungulia. Mtu anayeacha mali yake ipotee kwa ajili ya adabu, huyo hajaharibikiwa. Anasema wazee wataambiwa hivyo. Mtoto anabaki."

Mwenye nyumba akapiga kigelegele palepale, ungo ukamdondoka. Mimi nililia, mbele ya mjomba, bila aibu. Mke wangu aliondoka kwenda kuongeza chai, uso wake uleule.

Furaha yangu ilikuwa ya kweli, na ilidumu salama mpaka jioni. Jioni likanijia swali: kilienda mbali, kasema. Mbali wapi? Kilipanda? Kilinyooka, au kilikatika kushoto kama kawaida yake? Duniani alikuwapo shahidi mmoja wa mpira ule, naye ni mtu nisiyeruhusiwa kusema naye.

"Kabla mama hajasafiri," nikamwambia mke wangu, "huwezi kumuuliza ulirukaje?"

"Ulirukaje nini?"

"Mpira."

"Amesema ulikuwa unafikiria heshima," akasema. "Nimwambie ulikuwa unafikiria nini?"

Nilikuwa nimeshinda kesi kwa ushahidi ambao nisingethubutu kuuchunguza. Mama mkwe akapanda treni na mpira wangu kichwani mwake, akaondoka nao hadi bara.

Jumatatu nilimwambia bwana mkubwa kwamba nimeiweza namba mbili. Akaweka kalamu chini.

"Ilikwenda wapi?"

"Sijui, bwana. Sikutazama."

Alicheka wiki nzima. Aliwaambia wenzake wote, na kila aliyekuja ofisini alinitazama kwa huruma. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kufuata maagizo ya serikali kwa ukamilifu, na hakuna aliyeniamini.

Sikuupata tena mpira ule. Nilijaribu kila njia. Nilimwomba hata mwenye nyumba asimame penye kona ya njia anikoholee. Akakubali kwa furaha iliyonitia shaka, akawa anakohoa kabla sijainua chuma, au baada ya kupiga, au mfululizo kama mgonjwa wa kifua. Na hata alipokohoa kwa wakati, haikusaidia. Shingo yangu ilijua kwamba yule ni mtani tu. Ikainuka.

Mwaka uliofuata tukapata mtoto wa kike. Nikapeleka mbuzi na khanga kama inavyotakiwa, na alipoanza kutambaa mama mkwe akaja tena, safari hii kama mgeni wa heri. Haya ilikuwa imelegezwa. Aliweza kukaa uani kwetu, mimi nikakaa pembeni, na tukasemezana, yeye akitazama karanga anazomenya na mimi nikitazama ukuta. Tulianza na mvua, tukaenda kwenye bei ya mtama, tukarudi kwenye mvua. Alikuwa na sauti ya chini yenye kicheko ndani yake, jambo ambalo kikohozi chake hakikunidokeza.

Nilistahimili siku mbili. Ya tatu nikashindwa.

"Mama," nikasema, "siku ile kiwanjani. Kile kitu changu. Kilikwendaje?"

"Nitajuaje, baba?" akasema. "Nilikuwa nimejifunika uso."

Bila shaka alikuwa amejifunika. Na yeye alikuwa na mkwe mbele yake. Katika yote niliyoyafikiri juu ya siku ile, na nilikuwa nimefikiri mengi, hilo halikunipitia hata mara moja.

"Lakini ulipiga kelele. Nilisikia."

"Nilijikwaa kwenye kisiki. Ningeona wapi ninapokanyaga?"

Karanga mbili tatu zikaingia bakulini. Nikauliza tena, polepole, kwa maana nilianza kuona kitu. "Sasa mama, ulijuaje kwamba niliinamisha kichwa?"

Akamenya karanga nyingine.

"Wazee walitaka nimlete," akasema. "Lazima nirudi na neno, na neno liwe zito, la heshima, wasiweze kulipinga. Nikawapa hilo. Sikuona kama uliinama; kama si hilo, ningewapa jambo lingine." Akapuliza maganda kiganjani. "Mimi nilikwisha amua siku ya pili. Mwenzako alikuwa akinionyesha unavyocheza. Alichukua mwiko jikoni, akasimama hivi, akazungusha, akainua shingo kama mbuni, halafu akaenda kutambaa chini ya meza akitafuta. Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Mwanangu nilimlea mimi, baba, hakuwa mtoto wa kucheka. Wala hakuwahi kucheka kule kwetu namna ile. Nikasema, anapochekea ndipo abaki."

Kwa miaka yote ile nilidhani uso ule mtulivu uliokuwa ukiniletea maji ya chumvi ulikuwa unaniheshimu. Kumbe ulikuwa unajizuia, unakimbilia jikoni kabla haujapasuka. Nilitaka kukasirika nikatafuta hasira, sikuiona mahali. Nilichokiona ni furaha kubwa hata macho yakaniwasha.

Nikanyanyuka, nikaenda jikoni. Alikuwa amembeba mtoto mgongoni, anakoroga ugali.

"Nionyeshe," nikasema.

"Nikuonyeshe nini?"

"Mwiko."

Akachungulia uani alikokaa mama yake, akanitazama tena usoni kuona kama pana ugomvi. Hapakuwa na ugomvi. Basi akaepua sufuria, akaufuta mwiko kwa kitambaa, akasimama katikati ya jiko na mtoto mgongoni, akajipanga. Akauinua taratibu, na uso wake wote ukawa uso wangu: midomo imebanwa, macho yametoka, mtu anayedai nchi. Akaushusha, akafyeka, shingo ikaruka juu. Halafu akashindwa kujizuia, akaanza kucheka, mtoto mgongoni akacheka kwa kuwa mgongo unacheka, na huko uani nikamsikia mama mkwe akikohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha njiani.

"Rudia," nikamwambia, nami nikiwa nimeegemea ukuta kwa kicheko.

Akarudia. Safari hii nilimtazama miguu, na ndipo nikaona kwamba kumbe kosa halikuwa la kichwa peke yake. Goti langu la kushoto lilikuwa linakimbia mapema.